Moja ya Kumi ya Kuvunjika

Kilichomuudhi Fundi si ule mlio wa laptopu, ni kicheko cha mkewe kilichoufuata. Alikuwa amekaa nje ya mlango akibandua saruji iliyogandia kwenye mwiko wake, mlango wa chumba uko wazi nusu, na kila baada ya dakika chache alisikia mlio mfupi, halafu mkewe akicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyenong'onezwa jambo zuri. Walikuwa na miaka kumi na sita ya ndoa, na Fundi hakukumbuka mara ya mwisho yeye kumchekesha hivyo.

"Leo mwenzio kakuambiaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kaniambia nimepata kumi na nane kwa ishirini."

"Na zile mbili?"

"Kaniambia nimekaribia."

"Kukaribia ndiyo nini? Hesabu ama umepata ama umekosa."

Mlio ukalia tena, na kicheko kikafuata, safari hii kimebanwa kidogo, maana alijua kuna mtu anasikiliza.

Huyo mwenzio ilikuwa programu ya mazoezi ya hesabu. Mke wa Fundi alikuwa msaidizi kwenye duka la dawa, na saa za jioni alisomea chuoni ili apate cheti cha ufamasia. Mwaka jana alifeli hesabu. Mwaka huu chuo kilikuwa kimeleta programu hiyo mtandaoni: maswali ishirini kila wiki, kila mwanafunzi na namba zake asiweze kunakili kwa jirani, na kila swali lina nafasi tatu. Ukipata, inalia mlio mfupi. Ukikosa, haikutukani. Inakuonyesha mfano wenye namba nyingine, kisha inakuandikia: "Umekaribia. Jaribu tena." Na pembeni palikuwa na alama ya spika. Ukiibonyeza, anatoka mwalimu wa hesabu kwa sauti yake mwenyewe, nzito na ya taratibu: "Tulia. Tuanze upya. Hatuna haraka."

Sauti hiyo ndiyo iliyomnyima Fundi raha. Mwanamume asiyemjua alikuwa chumbani kwake, karibu kabisa na kitanda, akimwambia mkewe kwamba hawana haraka.

Mwaka jana mwalimu alikuwa yeye. Katika nyumba ile hesabu zilikuwa mali yake, kama vile msumeno na timazi. Alikuwa fundi wa vigae, na akiingia kwenye chumba kitupu aliweza kusimama katikati, akazungusha macho mara moja, akataja idadi ya vigae na mifuko ya saruji kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo. Kwa hiyo mkewe alipokwama alimketisha mezani, akashika rula, akaanza kufundisha. Dakika tano za mwanzo alikuwa mpole. Baada ya hapo alikuwa akigonga meza na rula na kumuuliza kichwani mna nini humo. Siku moja ndugu zake walipokuja kutembea, mkewe anapita na sinia la chai, Fundi alisema, "Huyu mwacheni jamani, hesabu hazimwingii." Wakacheka wote. Mkewe naye alicheka, kwa sababu alikuwa ameshika sinia na hakuwa na la kufanya.

Alipofeli, Fundi alimliwaza vizuri sana. Alimpikia, alimfulia, alimwambia cheti si kila kitu. Hakuwahi kuwa mume mwema kama alivyokuwa wiki ile, na ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa na furaha namna ile pia.

*

Zoezi la mwisho lilifunguliwa Jumatano, na lilikuwa lifungwe Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Asiyefikisha sabini kwa mia hakuruhusiwa kufanya mtihani, na kwa mtu anayerudia mwaka, hapakuwa na kurudia tena. Angetolewa kwenye orodha. Mwenye duka la dawa naye alikuwa ameshasema, kwa sauti ya upole inayoumiza kuliko ukali, kwamba ana mpwa wake mwenye cheti anayetafuta kazi.

Alhamisi asubuhi mkewe alifanya maswali manane kabla ya kwenda kazini. Akapata yote manane.

"Nimebakiza kumi na mawili," alisema akivaa viatu. "Kesho nikitoka kazini nayamaliza. Sitaki kuyafanya nimechoka."

Fundi alikuwa anakunywa chai. Alizungusha kijiko kwenye kikombe muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nikusaidie?"

Hakulitoa neno hilo kirahisi. Lilikuwa limemkaa kooni tangu mwezi wa pili wa masomo, na alilisema akiangalia kijiko.

"Usijisumbue, baba watoto," mkewe alisema. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. "Nimeshaizoea yenyewe. Inanielewa."

"Inakuelewa."

"Kweli tena. Ikiona nimekosea kitu kimoja mara mbili, inanirudisha pale pale, bila kelele. Na mwalimu juzi kanisifia mbele ya darasa zima."

"Ana umri gani huyo mwalimu?"

Mkewe alitoa kichwa chini ya kitanda akamwangalia, kisha akacheka. "Nenda kazini, Fundi," alisema, akatoka.

Siku nzima, akipaka saruji sakafu ya watu, Fundi alikuwa anajibizana na neno moja. Inanielewa. Alikosea mstari wa kwanza wa vigae, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana wake, ikabidi aving'oe na kuvipanga upya.

*

Ijumaa alirudi nyumbani saa nane mchana, kwa sababu vigae vya mteja vilikuwa havijafika. Nyumba ilikuwa kimya. Binti yao alikuwa shuleni, mkewe kazini. Laptopu ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa kama chakula cha mgeni.

Neno la siri alilijua. Mkewe alimwambia siku ya kwanza kabisa, kwa sababu wakati ule hapakuwa na sababu ya kuficha: ilikuwa tarehe ya ndoa yao. Fundi aliandika namba hizo kwa kidole kimoja. Alijiambia anataka tu kuona huyu mwenzake anafananaje.

Swali la tisa lilimpokea kama rafiki wa zamani. "Ukumbi una urefu wa mita sita na upana wa mita tano. Kigae kimoja kina sentimita hamsini kwa hamsini. Vigae vingapi vitatosha sakafu nzima?"

Fundi alicheka kwa pua. Mashine ilikuwa imekuja uwanjani kwake. Hakuhitaji kalamu wala karatasi. Aliandika 132 na kubonyeza.

"Umekaribia. Jaribu tena."

Aliisoma mara mbili. Hapa lazima msomaji ajue kitu ambacho kila fundi wa vigae anakijua. Sakafu hiyo inakula vigae mia moja na ishirini, lakini hakuna fundi mwenye akili anayeagiza mia na ishirini. Vingine vitakatwa kwenye kona, vingine vitafika vimepasuka. Unaongeza moja ya kumi ya kuvunjika, hiyo ni sheria ya kazi. Fundi alikuwa ameiongeza hiyo moja ya kumi kwa miaka ishirini na mbili, mpaka ikahama kwenye vigae ikaingia kwenye kila kitu. Akiambiwa wageni watakuja kumi, alitafuta viti kumi na kimoja. Sukari ya chai alipima vijiko viwili, kisha akarudi na ncha ya kijiko. Binti yao alikuwa akiiita sukari ya kuvunjika.

"Wewe umewahi kubeba vigae?" aliiuliza laptopu. Akaandika tena 132. Ikamwambia amekaribia. Akaandika 132 mara ya tatu, akibonyeza kwa nguvu, akiamini kwamba mtu mwenye haki akishikilia sana husikilizwa. Swali likawa jekundu, likafungwa.

Kosa hilo lingeandikwa kwa mkewe, hilo alilijua. Tusimsingizie kwamba hakulijua. Angeweza kufunga laptopu pale pale na hasara ingekuwa ya swali moja. Lakini mbele yake lilikuwa limeshatokea swali la tangi linalojazwa maji kwa dakika sitini, akajibu sitini na sita, kwa sababu hakuna bomba lisilovuja. Kisha likaja la mtoto wa kilo ishirini na dawa ya miligramu tano kwa kila kilo, akaandika 110. Kila alipoambiwa amekaribia alishikilia jibu lake, na kila swali lilipokuwa jekundu alipata kijiraha fulani kisicho na jina, kama cha kung'oa gaga la kidonda. Naye aone, alijisemea, na hakujiuliza aone nini.

Katikati alibonyeza alama ya spika. "Usijali," ilisema ile sauti nzito. "Kosa linatuonyesha tu tulipo." Akaikata kabla haijamaliza.

Ilipofika saa tisa na nusu maswali yote kumi na mawili yalikuwa mekundu. Alirudisha kitambaa juu ya laptopu, akanyoosha kona zake, akaenda nje kuosha mwiko ambao haukuwa mchafu.

*

Mkewe alirudi saa kumi na moja na dakika kumi, akanawa, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa mezani na furaha ya mtu aliyebakiza jambo dogo. Binti alikuwa pembeni akichambua mchele. Fundi alikuwa mlangoni.

Hapakuwa na mlio wowote.

"Nani kashika hii laptopu?" mkewe aliuliza.

Binti alisema si yeye, ndiyo kwanza ametoka shule. Fundi alisema labda imeharibika, vitu vya kununua vimetumika ndivyo vilivyo.

Mkewe alianza kupitia swali moja moja. Programu huweka kila jibu, hata la kosa, na alikuwa akiyasoma kwa sauti ya chini. "Mia moja thelathini na mbili. Mia moja thelathini na mbili. Mia moja thelathini na mbili." Akashuka chini zaidi. "Sitini na sita. Mia na kumi."

"Hiyo si sukari ya baba?" binti alisema, kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye mchele.

Chumba kilikuwa kidogo na hakikuwa na mahali pa kuangalia. Mkewe alimgeukia Fundi taratibu. Hakuwa na hasira usoni bado, alikuwa kama mtu anayesoma barua isiyo na jina, lakini mwandiko wake anaujua.

"Unanisingizia kwa sababu ya namba?" Fundi alisema. "Namba ni za kila mtu."

"Hizi si za kila mtu."

"Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Kwa kuandika jibu moja mara tatu?"

Mkewe aliangalia saa, akaangalia tena kioo cha laptopu ambapo paliandikwa arobaini kwa mia, hujafikia kiwango. Maswali yalikuwa yamefungwa yote, hapakuwa hata na moja la kujaribu.

"Mwaka jana uliwaambia ndugu zako hesabu haziniingii," alisema. "Nikawa najiambia ni utani. Sasa umezitoa kwa mikono yako."

Aliinuka akaenda nje kuanua nguo. Alizikunja zote, za binti, zake, na mashati ya Fundi, kola juu ya kola, na hakumwambia neno lingine mpaka Jumatatu.

*

Jumatatu Fundi hakwenda kazini. Alivaa shati lile lililokunjwa vizuri kupita kiasi, akaenda chuoni bila kuaga. Kwenye benchi la nje ya ofisi ya mwalimu wa hesabu wanafunzi walimpisha wakimwita mzee, wakamuuliza kama amekuja kurekebisha sakafu. Aliitazama sakafu. Ilikuwa imepangwa vibaya kweli, mstari mzima umekwenda upande, lakini akaketi.

Alipoingia alimkuta mkewe ameketi mbele ya meza, mkoba mapajani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Walitazamana kama watu waliokutana hospitali.

Na mwalimu hakuwa kijana. Fundi alikuwa amejiandaa kumchukia kijana mwenye mabega, akakuta mtu mfupi mwenye mvi, miwani imeshikizwa na uzi, anakunywa chai iliyopoa. Sauti tu ndiyo ilikuwa ile ile.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu," mkewe alisema, na ilionekana lilimgharimu.

"Mimi ndiye niliyeyafanya yale maswali," Fundi alisema akiwa bado amesimama.

Mwalimu aliweka kikombe. "Mama, kila anayefeli huniambia si yeye. Wengine huniletea kaka, wengine shangazi. Leo umeniletea mume. Nitajuaje hamkupanga?"

"Yaangalie majibu," mkewe alisema.

"Nimeyaangalia. Ni ya ajabu, lakini hata majibu ya ajabu hayana jina." Alifikiri kidogo, akabonyeza kompyuta yake, akanakili maswali mawili mapya kwenye karatasi, akamsukumia Fundi pamoja na kalamu. "Fanya. Hapa hapa."

Fundi aliketi. Sakafu ya mita tano kwa nne, vigae vile vile vya hamsini kwa hamsini. Themanini. Aliliona jibu hilo limesimama wazi kabisa, kwa sababu siku tatu alikuwa na muda wa kutosha wa kuelewa mashine ilitaka nini. Na aliitaka ile themanini. Alitaka mtu huyu mwenye sauti aone kwamba nyumbani kwake kuna mwanamume anayejua hesabu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mkono ulikuwa tayari. Halafu aliona vidole vya mkewe vimeung'ang'ania mkoba, akaelewa kwamba akipata swali hili, mkewe anakuwa mwongo.

Aliandika 88. Kwenye swali la pili, mtoto wa kilo kumi na nane kwa miligramu tano, aliandika 99. Alisukuma karatasi.

Mwalimu alisoma. "Hizi nane za juu ni za nini?"

"Za kuvunjika."

"Na dawa pia umeiongezea ya kuvunjika?"

"Vidonge navyo huvunjika, mwalimu."

Mkewe aligeukia dirishani. Mabega yalimtikisika, na Fundi hakujua kama anacheka au analia.

"Kutoka kwenu mpaka hapa ni mwendo gani?" mwalimu aliuliza ghafla.

"Dakika arobaini na nne kwa miguu."

"Yaani arobaini."

Fundi alianza kuhesabu njia kwa vidole, akaacha. Hilo hakuwa amelipanga, na mwalimu aliona kwamba hakulipanga. Akavua miwani.

"Mtoto huyu umemzidishia dawa," alisema, wala hakutabasamu. "Mkeo hawezi kufanya kosa hili. Ninayo hapa kumbukumbu yake yote. Tangu wiki ya tatu hajakosa swali la dozi hata moja. Yale kumi na mawili nitamfungulia leo mpaka saa kumi na mbili jioni, na namba zitakuwa mpya. Lakini niambie, kwa nini?"

"Nilikuwa namsaidia," Fundi alisema.

Mwalimu alimtazama mke wa Fundi, akachukua kikombe chake cha chai, akasema wanaweza kwenda.

*

Walirudi kwa miguu, mkewe mbele. Alipofika aliingia chumbani na kufunga mlango. Fundi alikaa nje, mahali pake, bila mwiko wala kitu cha kushika. Mlio ulilia, baadaye ukalia tena. Alihesabu mpaka kumi na moja. Hakusikia kicheko hata kimoja, na akagundua kwamba anakisubiri.

Mkewe alitoka jua limeanza kupoa. Binti alikuwa anaosha vyombo pale kwenye beseni.

"Umepata ngapi?"

"Kumi na tisa kwa ishirini. Nimeruhusiwa mtihani." Alikaa kwenye ngazi, mbali naye kidogo. "Na neno la siri nimebadilisha."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. "Basi yamekwisha," alisema.

"Hilo si jibu."

Alikuna goti. Alitazama barabarani, hapakuwa na mtu wa kumwokoa. "Basi nisamehe. Lakini na wewe, kila siku kuchekacheka na..."

"Umekaribia," mkewe alisema. "Jaribu tena."

Vyombo vilinyamaza kwenye beseni. Fundi alizijua kanuni. Ilikuwa imebaki nafasi moja.

"Nilikuonea wivu," alisema. Ilimtoka vibaya, akakohoa, akaendelea kwa sauti ndogo ili binti asisikie, na binti akasikia yote. "Niliona ukishajua hesabu hutanihitaji. Nilitaka ufeli. Nilitaka ufeli nikuliwaze tena, kama mwaka jana."

Mkewe hakumwambia kama amepata au amekosa. Aliinuka, akakung'uta sketi, akarudi ndani kujisomea kwa ajili ya mtihani, na mlango akauacha wazi nusu.